Marija Gimbutas: Msomi Mmoja, Si Wawili

Toleo moja la Juni 2015 la jarida la kisayansi Nature lilikuwa na makala mbili, moja kutoka kundi la Harvard na nyingine kutoka kundi la Copenhagen. Makundi hayo yalikuwa washindani, lakini yalifikia jambo lile lile: katika milenia ya tatu KK watu wengi walitoka kwenye nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, wakaingia Ulaya ya kati na ya kaskazini, na uzao wao ukaenea hadi kubadili nasaba ya sehemu kubwa ya bara. Wasomaji walioijua historia ya akiolojia walimkumbuka mara moja Marija Gimbutas, Mlithuania aliyefariki Los Angeles mwaka 1994. Yeye alikwisha kuyasema hayo mwaka 1956, akitegemea makaburi, vyungu na misamiati ya lugha, zamani ambazo hakuna aliyewaza kwamba vinasaba vingeweza kutolewa kwenye mfupa wa miaka 5000. Tangu hapo imezuka desturi ya kumgawa mama huyu mafungu mawili. Yupo Gimbutas wa kwanza, mwanasayansi wa nyika na makaburi, anayepigiwa makofi. Yupo na wa pili, wa miaka ya uzeeni, aliyezama katika habari za mungu wa kike, ambaye heshima yake inasemekana itahifadhika tu akisahauliwa. Naona mgawo huu ni wa kujirahisishia mambo. Kazi yake ilikuwa moja tangu mwanzo hadi mwisho. Njia iliyompa ushindi ndiyo hiyo hiyo iliyomtia makosani. Na anayepokea nusu moja anawiwa maelezo ya kwa nini anaitupa nyingine.

Alizaliwa Vilnius tarehe 23 Januari 1921. Wazazi wake wote wawili walikuwa madaktari na wapenzi wa sanaa za jadi za Kilithuania. Mwaka 1931 familia ilihamia Kaunas, na huko, akiwa bado kijana, alishiriki safari za vijijini za kukusanya nyimbo na desturi. Tusilipite jambo hili haraka. Lithuania ilikuwa nchi ya mwisho Ulaya kupokea Ukristo rasmi, mwaka 1387, na lugha yake ni miongoni mwa zile zilizohifadhi sura ya kale kabisa ya lugha za Kihindi-Kiulaya. Kwa msomi aliyelelewa humo, wimbo wa bibi kizee shambani ulikuwa ushahidi wa kihistoria kama kigae kilichofukuliwa ardhini. Alianza chuo kikuu Kaunas, akaendelea Vilnius, akasomea isimu na ngano pamoja na akiolojia, na mada aliyoishika ilikuwa mazishi: namna Walithuania wa kale walivyowalaza wafu wao na vitu walivyowawekea. Siasa ilikuwa ikibisha hodi wakati wote huo. Wasovieti waliingia mwaka 1940, Wajerumani wakaja 1941, na Wasovieti waliporudi mwaka 1944 yeye, mumewe Jurgis na binti yao mdogo wakakimbilia magharibi. Shahada ya udaktari alipewa Tübingen, Ujerumani, mwaka 1946, kwa tasnifu juu ya mazishi ya kale ya Lithuania. Mwaka 1949 familia ikavuka bahari kwenda Marekani.

Harvard ilimpokea bila kumthamini. Mwanzoni alifanya kazi pasipo mshahara wa maana, akiwafasiria wenzake maandishi ya Ulaya Mashariki. Ila kazi hiyo ya kibarua ndiyo iliyomjengea hazina. Ripoti za uchimbaji za Urusi, Ukraine, Poland na nchi za Baltiki zilikuwa zikirundikana katika lugha ambazo wasomi wa Uingereza na Marekani hawakuzisoma, na vita baridi vilikuwa vimezidi kuufunga mlango. Gimbutas alizisoma zote. Mwaka 1956 akatoa kitabu juu ya historia ya kale ya Ulaya Mashariki, kilichochapishwa chini ya jumba la makumbusho la Peabody la chuo hicho hicho, na humo akaweka nadharia iliyokuja kuitwa ya kurgani, yaani vilima vya udongo vilivyoinuliwa juu ya makaburi ya nyikani.

Nadharia yenyewe ilikuwa na ujasiri. Wanaisimu walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba Kigiriki, Kilatini, Kisanskriti, Kilithuania na lugha nyingine nyingi zina asili moja, na kwamba lugha hiyo mama ilikuwa na maneno ya gurudumu, ekseli, nira, ng'ombe na farasi. Swali lilikuwa ni wapi ilizungumzwa na ilieneaje. Gimbutas alijibu kwamba wasemaji wake ni wafugaji wa nyika walioizika maiti ya mtu mmoja chini ya kilima, mara nyingi kwa udongo mwekundu, na nyakati nyingine pamoja na silaha. Walisogea magharibi kwa mawimbi matatu: la kwanza karibu na 4400 KK, la pili kama 3500 KK, la tatu muda mfupi baada ya 3000 KK. Vyungu vyenye alama za kamba vinavyopatikana kuanzia Urusi hadi mto Rhine vilikuwa, kwake, nyayo za wimbi la mwisho.

Hakuwa wa kwanza kuitaja nyika. Gordon Childe, Mwaustralia aliyekuwa mwanaakiolojia mkuu wa Ulaya katika kizazi chake, alikuwa ameielekea katika kitabu cha 1926. Lakini kati ya Childe na Gimbutas kulipita jinamizi. Gustaf Kossinna wa Ujerumani alikuwa amefundisha kwamba kila aina ya vyungu ni kabila na kwamba kabila bora lilitoka kaskazini mwa Ujerumani. Wanazi wakayachukua mafundisho hayo na kuyafanyia kazi iliyojulikana. Baada ya vita, msomi aliyeeleza mabadiliko kwa kusema "watu walihama" alitiliwa shaka. Kufikia miaka ya 1960 vijana wa akiolojia mpya, Colin Renfrew wa Uingereza akiwa mmoja wao, walitaka mabadiliko yaelezwe kwa sababu za ndani: kilimo, biashara, idadi ya watu, tofauti za vyeo. Shaka yao ilikuwa na msingi, maana chungu hakina uraia. Ubaya ni kwamba ilikuja kufanywa kanuni, kana kwamba kwa kuwa Kossinna alitumia uhamaji vibaya, basi watu wa kale hawakuhama. Gimbutas alibaki na hoja yake miaka 30 huku akionekana wa kizamani.

Mwaka 1963 alihamia Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na huko akafundisha hadi alipostaafu mwaka 1989. Kipindi hicho ndicho cha majembe na makoleo. Alichimba Obre huko Bosnia, Anza huko Makedonia, Sitagroi na Achilleion huko Ugiriki, na pango la Scaloria kusini mwa Italia. Sitagroi alichimba pamoja na Renfrew, yule yule aliyekuwa mpinzani wake. Kilichotoka katika vilima hivyo vya vijiji vya kale kilimshangaza: nyumba zilizojengwa upya juu ya nyumba kwa karne nyingi, vyungu vilivyopakwa rangi kwa ustadi mkubwa, na visanamu vya udongo, vingi vikiwa vya wanawake. Hivyo ndivyo alivyofikia jina la Ulaya ya Kale, ustaarabu wa wakulima uliotangulia watu wa nyika. Kitabu chake cha 1974 juu ya dini ya ustaarabu huo kilitoka na jina lililotanguliza miungu wa kiume. Toleo la 1982 liligeuza mpangilio na kuwatanguliza wa kike. Vitabu vikubwa vya 1989 na 1991 vilikwenda mbali zaidi. Ulaya ya Kale, alisema, ilimwabudu mungu mke wa uhai, mauti na kuzaliwa upya. Ukoo ulifuata upande wa mama. Jamii ilikuwa ya amani na usawa. Kisha wakaja wenye mifugo na silaha, na mfumo wa baba.

Hapa ndipo wagawaji wanapokata, na hapa ndipo naona wanakosea. Nadharia ya kurgani haikuwa hesabu ya watu waliohama tu. Tangu 1956 ilidai kwamba lugha, mazishi, uchumi, mpangilio wa ukoo na miungu husafiri pamoja, kama mzigo uliofungwa kamba moja. Ndiyo maana aliweza kulisoma kaburi na kutoka humo na lugha. Anayeamini hivyo kuhusu wageni hawezi kuacha kuwauliza wenyeji swali hilo hilo: nao, mzigo wao ulikuwa na nini? Ulaya ya Kale ni nusu ya pili ya sentensi iliyoanza Harvard. Hata mwelekeo wa kusoma alama ni ule ule wa msichana aliyekusanya nyimbo Lithuania: kilichomo katika ngano ya karne ya 19 kilitumika kufafanua mistari iliyochorwa juu ya kisanamu cha milenia ya sita KK. Mawindo ya njia moja yalikuwa mengi, mazuri na mabaya.

Mabaya tuyaseme wazi. Miaka ya 1960 Peter Ucko alikwisha kuonyesha, kwa kupima visanamu vya Misri na Krete, kwamba vingi havina jinsia inayotambulika na kwamba kisanamu kinaweza kuwa cha kuchezea watoto, cha kufundishia vijana au cha uganga, pasipo kuwa mungu. Lynn Meskell, Ruth Tringham na Margaret Conkey, wanawake watatu ambao hakuna awezaye kusema walitumwa na mfumo dume, walimkosoa vikali katika miaka ya 1990: zigizagi kwake ilikuwa maji, pembetatu ilikuwa uzazi, ndege alikuwa mungu mke, na hakuweka mahali ambapo angejua kuwa amekosea. Kosa hili ni kubwa. Kwenye uhamaji alisema jambo linaloweza kukanushwa, kwa mahali, mwelekeo na wakati. Kwenye visanamu alisema jambo ambalo kila kisanamu kipya kilizidi kulithibitisha, na uthibitisho wa aina hiyo hauna uzito.

Na amani ya Ulaya ya Kale? Mwaka 1983, Talheim kusini magharibi mwa Ujerumani, ilipatikana mifupa ya watu 34, wakubwa na watoto, waliotupwa katika shimo moja karibu mwaka 5000 KK. Mafuvu yao yalikuwa yamepasuliwa kwa shoka za mawe za wakulima wenzao, zaidi ya miaka 1500 kabla mtu wa nyika hajafika huko. Usawa nao ulikwisha kuingia doa mwaka 1972, pale makaburi ya Varna, Bulgaria, yalipofunuliwa. Humo mna vitu vya dhahabu zaidi ya 3000 vya milenia ya tano KK, na sehemu kubwa ya dhahabu hiyo imekusanyika katika makaburi machache. Kaburi moja la mwanamume lilikuwa na dhahabu ya kama kilo moja na nusu. Gimbutas aliijua Varna vizuri na alijitahidi kuieleza kama biashara na heshima, si utawala. Maelezo hayo yanachechemea.

Lipo pingamizi jingine linalorudiwa sana, na hili silikubali. Wanasema Ulaya yake tulivu iliyovamiwa kutoka mashariki ni Lithuania ya 1940 na 1944 iliyovalishwa nguo za kale. Yawezekana kabisa kwamba mkimbizi ana jicho kali la kuwaona wavamizi. Lakini chanzo cha swali si kipimo cha jibu. Wasomi wa Uingereza na Marekani waliokana uhamaji nao waliishi katika nchi ambazo hazikuwa zimevamiwa kwa muda mrefu, na ni wachache waliosema kwamba nadharia zao za mabadiliko ya ndani kwa ndani zilitokana na raha hiyo. Kama tutapima historia ya mtu ili kuhukumu hoja yake, tuwapime wote.

Turudi 2015. Kundi la Harvard lilikuta kwamba watu waliozikwa na vyungu vya alama za kamba Ujerumani walikuwa na robo tatu ya nasaba yao kutoka kwa wafugaji wa nyika wa utamaduni wa Yamnaya. Uingereza, utafiti wa 2018 ulionyesha badiliko la kama asilimia 90 lililokuja na watu wa baadaye waliobeba nasaba hiyo. Hii si bahati ya mtu aliyerusha jiwe gizani. Alitaja nyika yenyewe, alitaja vyungu vyenyewe, na wimbi lake la tatu lilikuwa na tarehe inayokaribia kabisa. Renfrew, aliyekuwa ametoa nadharia pinzani mwaka 1987 kwamba lugha hizo zilienezwa na wakulima wa kwanza kutoka Anatolia, alitoa mhadhara wa kumkumbuka Gimbutas huko Chicago mwaka 2017 na kukiri hadharani kwamba vinasaba vimempa haki juu ya uhamaji huo. Ni jambo la nadra katika taaluma yoyote, na linampa heshima aliyelisema sawasawa na aliyesemwa.

Hata hivyo, wanaoshangilia nusu ya kwanza huwa hawasomi maelezo madogo. Wimbi la kwanza halionekani kama uvamizi: katika Varna hiyo hiyo amepatikana mtu mmoja mwenye nasaba ya nyika, jambo linaloashiria mawasiliano na ndoa zaidi kuliko ushindi wa vita. Farasi, aliyekuwa nguzo ya simulizi lake, naye ameleta utata. Uchunguzi wa 2021 ulionyesha kwamba farasi wa kufugwa tunaowajua walianza kusambaa kutoka nyikani karibu 2000 KK, karne nyingi baada ya uhamaji mkubwa. Mkokoteni wa ng'ombe huenda ulifanya kazi kubwa kuliko mpanda farasi. Isitoshe, katika mifupa ya watu wa kale wa nyika na wa Ulaya wa nyakati hizo vimepatikana vimelea vya tauni, hivyo kupungua kwa wakulima kunaweza kuwa na sababu ambayo hakuiwaza. Nusu "ya kisayansi" nayo, basi, ina sehemu zilizooza.

Na vinasaba havisemi lugha. Hili msomaji wa Kiswahili analielewa kuliko wengi, kwa sababu maabara ile ile ya Harvard ilishiriki kuchapisha mwaka 2023, katika jarida lile lile, uchunguzi wa mifupa ya waliozikwa katika miji ya pwani yetu, ikiwemo Mtwapa, Manda na Kilwa. Ilionekana kwamba kuanzia kama mwaka 1000 BK wanaume kutoka Uajemi walizaa na wanawake wa Kiafrika, na katika wengi wa waliopimwa nasaba ya Kiasia upande wa baba ilikuwa kubwa. Lugha haikufuata akina baba. Kiswahili kilibaki cha Kibantu, na kikawameza. Ulaya yenyewe ina Wabasque, ambao wanaume wao wengi wana nasaba ya baba iliyotoka nyikani, ila lugha yao haina udugu na za Kihindi-Kiulaya. Kwa hiyo anayesema 2015 ilithibitisha nadharia nzima ya kurgani anafunga tena ule mzigo wa Gimbutas kwa kamba ile ile, akidhani anatumia sayansi tupu. Uhamaji umethibitishwa. Kwamba lugha ilisafiri nao ni hoja yenye nguvu sana kwa Ulaya ya kaskazini, lakini bado inategemea wanaisimu, na katika Anatolia, ambako Kihiti kilizungumzwa, nasaba ya nyika imekuwa ngumu kuonekana.

Ikiwa nusu ya kwanza inahitaji kupimwa kipande kwa kipande, haki inadai nusu ya pili ifanyiwe hivyo pia, na sasa inawezekana. Madai kuhusu maana ya zigizagi huenda yasipimike kamwe. Madai kuhusu ukoo yanapimika, kwa sababu vinasaba vinaonyesha nani alizikwa karibu na ndugu zake na nani alitoka mbali. Gurgy, Ufaransa, makaburi ya wakulima wa milenia ya tano KK yalichunguzwa na matokeo yakatolewa 2023: ukoo wa vizazi saba uliofuata akina baba, huku wanawake wakiletwa kutoka nje kama wake. Hapo Gimbutas ameshindwa, angalau kwa Ulaya ya magharibi. Çatalhöyük ya Anatolia, mji wa wakulima wa kwanza ambao aliutumia sana katika hoja zake, umesema tofauti. Uchunguzi wa zaidi ya watu 100 uliotolewa 2025 ulionyesha kwamba waliozikwa chini ya sakafu ya nyumba moja waliunganishwa zaidi na upande wa mama, na kwamba watoto wachanga wa kike waliwekewa vitu vingi kaburini kuliko wa kiume. Hilo halimthibitishi mungu mke, wala halisemi wanawake walitawala. Linasema tu kwamba ukoo wa mama, ambao wakosoaji wengi waliuona ndoto, ulikuwepo mahali pamoja aliposema ulikuwepo. Vijiji vya Balkani alivyovichimba mwenyewe, ambavyo ndivyo moyo wa hoja yake, vinahitaji kupimwa kwa kiwango hicho hicho kabla mtu yeyote hajatoa hukumu juu ya vitabu vya uzeeni mwake.